Kabla ya kutuma dola Japani, piga hesabu ya kodi na usome karatasi ya mnada

Ukitaka kujiagizia gari kutoka Japani, anza na URA, Mamlaka ya Mapato ya Uganda, kabla hujafungua picha hata moja. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wengi wakilipenda gari kwanza na kulilipia, halafu gari linafika Mombasa wao bado wanazunguka kwa ndugu na marafiki kutafuta pesa ya kodi. Bandari haimsubiri mtu: siku za bure zikiisha, gharama ya kuhifadhi inapanda kila kukicha.

Kodi haihesabiwi kwa ile bei ya gari unayoiona mtandaoni. Inaanzia kwenye CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Tena URA wana viwango vyao vya thamani, na invoisi yako ikionekana iko chini mno, wanaweza kutumia cha kwao. Hapo unaongeza ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya thamani pamoja na huo ushuru, halafu kodi ya zuio (withholding) ya asilimia 6 na tozo nyingine. Inayouma ni tozo ya mazingira, maana hiyo inafuata umri wa gari. Gari kuukuu la bei rahisi linaweza kukutoa pesa nyingi kuliko lile changa ulilolikwepa kwa kuona ni ghali. Na sheria ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa.

Sikiliza vizuri hapo: tangu kutengenezwa. Matangazo mengi yanataja mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza kule Japani, na gari linaweza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka mmoja likasajiliwa mwaka unaofuata. Mwambie muuzaji akupe namba ya chasi, uhakikishe mwaka na hata mwezi wa kutengenezwa, hasa kama gari liko karibu na mpaka wa umri.

Sasa tuje kwenye karatasi ya mnada, ambayo mimi naithamini kuliko picha zote. Magari mengi yanayotufikia hupitia minada ya Japani, na kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi moja. Muuzaji anayesema hana karatasi ya gari lililotoka mnadani, mimi huachana naye palepale. Niliponunua Premio yangu nilikaa na karatasi yake jioni nzima. Juu kabisa kuna alama ya jumla: 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo zaidi lakini bado linafaa, na ukiona R au RA jua limewahi kugongwa likatengenezwa. Pembeni kuna herufi ya hali ya ndani, A, B, C. Mwaka unaweza kuandikwa kwa kalenda yao: H26 ni 2014 (jumlisha 1988), R2 ni 2020 (jumlisha 2018).

Chini kuna mchoro wa gari umetandazwa kama ngozi ya mbuzi, na hapo ndipo penye siri. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, kwa hiyo A1 kwenye mlango isikunyime usingizi. W3 na XX zikirundikana upande mmoja, gari hilo limepata kipigo. S nayo naiogopa sana. Magari ya Hokkaido na mikoa mingine ya theluji hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na kutu huanza chini ambako kamera haifiki. Omba picha za chini ya gari. Kilomita za kwenye karatasi uzilinganishe na za kwenye tangazo na za kwenye cheti cha kusafirisha nje, kwa sababu cheti hicho huwa na kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi wao wa lazima.

Usinunue gari ambalo spea zake hazipatikani Kisekka, soko la spea la Kampala. Nenda uulize bei ya shokomzoba, taa ya mbele na gearbox kabla ya kutuma pesa. Na gari likaguliwe kulekule kabla ya kupakiwa, upate cheti kinachotakiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Pesa itume benki kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la kampuni lilelile lililo kwenye invoisi. Akitajwa mtu binafsi, simama hapo. Jina lako nalo liandikwe kwenye hati ya shehena sawasawa na lilivyo kwenye TIN yako (namba ya mlipa kodi), herufi kwa herufi, kwa sababu kulisahihisha gari likiwa njiani ni pesa na siku.

Mtu wa kliaringi, yaani wakala wa kukutolea gari bandarini, mtafute mapema, meli ikiwa bado baharini. Mimi nilidai gharama zote kwa maandishi: bandari, ada yake, dereva, mafuta, namba. Yule wa kwanza niliyezungumza naye alikataa kuandika, akasema tutaelewana mbele ya safari. Nikatafuta mwingine.

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Malaba au Busia. Mwambie wakala apige picha za gari likiwa bandarini: tairi la spea, jeki, redio, mazulia, na kilomita kwenye dashibodi. Likifika, zilinganishe moja moja dereva akiwa bado amesimama hapo, ndipo uweke sahihi. Baada ya hapo badilisha oili na filta zote, na fundi aangalie breki na mpira wa kila shafti. Redio ya Kijapani haifiki kwenye masafa yetu mengi ya FM, kwa hiyo mwambie fundi umeme akufungie kile kifaa kidogo cha kuongeza masafa.