Safu ya Kazi na Ajira: Meneja hasogei, HR wanasema subiri bajeti

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni meneja wa opereshini kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Tanga, jina usilitoe tafadhali. Nilianza ukarani enzi zile meli zinatia nanga huko nje, mzigo unaletwa gatini na matishari, nikapanda mpaka hapa nilipo na nina vijana chini yangu. Ila tangu nikalie hiki kiti sijapelekwa hata semina moja. Juzi nafasi ya mkuu wa tawi imetoka wakaleta mtu toka Dar! HR nikiwauliza wanasema subiri bajeti. Nasikia kampuni inalipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, sasa hela yangu ya mafunzo anakula nani? Na likizo sijawahi kuimaliza, simu hazikomi hata niko Lushoto kwa wakwe. Nihamie kwenye bomba la mafuta Chongoleani au nivumilie?
Meneja, Chumbageni

JIBU: Marahaba kaka. Tuanze na SDL kwa sababu si wewe peke yako unayeiota. Ile tozo analipa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea, anaipiga kwenye jumla ya mishahara (Julai 2023 ilishushwa toka asilimia 4 hadi 3.5) anaipeleka TRA, halafu inagawanywa, nyingine VETA ya mafunzo ya ufundi, nyingine mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Hamna bahasha yenye jina lako humo. Kwa hiyo hiyo hasira itue hapo.

Sasa barua yako nimeisoma mara mbili na kitu kilichonishtua umekitupia mwishoni kama kitu kidogo, hiyo ya simu za likizoni. Yaani dereva kakwama getini usiku, kibali kimeisha muda, karani hajui orijino ya nyaraka iko wapi kwa sababu funguo ya droo unatembea nayo mfukoni, anakupigia Lushoto. Wewe unaona huo ni ushahidi kwamba kazi haiendi bila wewe na pengine moyoni unajisikia vizuri kidogo, usikatae. Bosi wako naye anaona hivyo hivyo, ila hesabu yake ni nyingine: nikimtoa huyu pale chini, meli ijayo nani ataihudumia? Nyumba ikishaegemea nguzo hakuna fundi anayeing'oa aipeleke ghorofani. Akaona bora alete mtu toka Dar, na mimi ningekuwa yeye pengine ningefanya vile vile.

Kwa hiyo kabla ya kozi yoyote, tafuta wa kukushikia. Chagua kijana mmoja, yule anayeuliza maswali mengi mpaka anakera, umpe kipande kizima cha kazi, tuseme vibali vya geti na kupanga malori, siyo umtume tu halafu unamkagua kila nusu saa. Mpe na funguo ya droo. Atakosea, ndiyo, lori litachelewa, mteja atapiga kelele, utavumilia. Na mwambie bosi wazi kwamba huyu namwandaa, halafu nenda likizo uimalize. Hiyo likizo itakusemea kwa bosi kuliko cheti.

Muda utakaoupata hapo usiulalie. Mkuu wa tawi kazi yake ni hela, wateja wakubwa na watu, wewe unajua meli na malori. Na hata hayo ya meli kaka tuambiane ukweli, tangu gati liwe na mita 450 na kina kichimbwe mpaka mita 13 meli zinakuja zenyewe gatini, ule ufundi wako wa kupangilia matishari na maji kupwa na kujaa uliokula miaka yako umepumzika, na hakuna aliyekuandikia barua kukuarifu. Ndivyo ujuzi unavyokwisha, kimya kimya. Ndo maana usimwachie HR akukumbushe.

Sasa ukienda kwa bosi usiseme "naomba mafunzo", hilo ombi linajibiwa na "subiri bajeti" dunia nzima. Sema kitu anachoweza kukubali palepale: "Bosi, bajeti ya robo ijayo naomba niiandae mimi wewe uikague", au "kikao na yule mteja wa saruji nije nikae pembeni". Haimgharimu hata senti. Miaka ya 1980 watafiti wa Center for Creative Leadership kule Marekani waliwauliza mameneja wakubwa walijifunzia wapi kazi, wengi wakataja kazi ngumu walizokabidhiwa na watu waliofanya nao kazi, darasa likaja nyuma kabisa. Ile 70-20-10 inayoimbwa kwenye semina (asilimia 70 unajifunza kwa kazi yenyewe, 20 kwa watu, 10 darasani) chanzo chake ni hapo, usiichukue kama vipimo vya mizani ila maana yake ishike.

Kozi zipo pia na zingine utajilipia mwenyewe, uma meno tu. Kwa fani yako kuna kile cheti cha mawakala wa forodha cha Afrika Mashariki, EACFFPC, ulizia Chuo cha Kodi. Ukitaka digrii bila kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria wana kituo hapahapa Tanga.

Chongoleani? Bomba ni kilomita 1,443 toka Hoima kule Uganda na mji wote unaliongelea, lakini ajira nyingi za miradi ya namna hii ni za ujenzi, likishaanza kusukuma mafuta wanaobaki ni wachache na wa fani zingine. Ukipata nafasi yenye jina na mkataba tuongee. Kuhama kwa hasira ya mtu wa Dar, hapana.

SWALI: Anti, nasimamia duka la jumla Ngamiani, bosi ni mjomba wangu. Kila nikisema nataka kusoma uhasibu jioni anasema "unataka kuniacha". Nimkimbie?
Mpwa

JIBU: Usimkimbie mwanangu, mjomba huyo utakutana naye kwenye kila harusi na kila msiba. Anaogopa na ana haki, maana vitabu vya duka viko kichwani kwako. Usimwombe ruhusa ya kusoma, mfungie mahesabu ya mwezi mmoja vizuri, deni la kila mteja na tarehe yake, umwekee mezani, halafu umwambie nikisoma nitakufanyia hivi kila mwezi na nitamfundisha na binamu. Akikataa bado, mtume shangazi akaongee naye, na ada anza kuweka kidogo kidogo kwa jina lako, siyo kwenye droo ya duka.