Harusi iko Paris: treni, basi au gari?

Msimu wa harusi umefika, na kila ninakopita hapa Uingereza naulizwa lile lile kuhusu Paris. Haya ni maswali matano ya wiki hii.

Mimi na mke wangu tunatoka London. Treni ghali. Basi si sawa tu?

Si sawa, ila linafika. Treni ya Eurostar inatoka kituo cha St Pancras, London, hadi Gare du Nord, Paris, kwa saa mbili na dakika ishirini hivi. Ongeza saa moja na nusu ya kuwahi, kwa sababu malango hufungwa dakika 30 kabla, na pasipoti hukaguliwa, hata na maofisa wa Kifaransa, kabla ya kupanda. Ukishuka unachukua begi lako na kwenda zako.

Basi la kituo cha Victoria, London, litakushusha Bercy, Paris, baada ya saa nane au tisa, na bandari ya Dover ikiwa na msongamano, hata kumi. Watu hujipa moyo kwamba watalala humo humo. Nami nilijipa moyo. Saa nane za usiku taa zikawashwa, tukateremshwa sote kupanga foleni ya pasipoti, mama mmoja bado blanketi mabegani. Tumerudi, usingizi ndio unanichukua, basi likaingia kwenye feri: tukateremshwa tena, maana chombo kikiwa safarini abiria habaki garini. Kesho yake kwenye nikaha niliitikia dua nimefumba macho, na si kwa unyenyekevu.

Nauli ya treni hupanda kadiri siku inavyokaribia. Tiketi ya pauni 50 na ushee miezi mitatu kabla inaweza kupita 200 wiki yenyewe. Jaribuni Jumanne au Jumatano. Mkikosa, basi, lakini la mchana.

Tuko sita, gari la viti saba. Mume wangu anataka kuendesha mpaka mlangoni kwa shemeji, katikati ya Paris.

Dada, kwa watu sita gari linalipa. Treni ya Folkestone inayobeba magari chini ya bahari hutoza gari, si kichwa, mradi hamzidi tisa, na ndani ya dakika 35 mko upande wa Calais. Kutoka hapo ni kilomita 290 hivi. Wekeni fulana ya kung'aa na pembetatu ya tahadhari, bandikeni herufi UK nyuma (ile GB ya zamani haitumiki tangu 2021), na mkumbuke kukaa kulia. Mwendo wa juu barabara kuu ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110.

Jambo ambalo hawakwambii: vibanda vya kulipia barabara viko kushoto, na mzee amekaa kulia. Wa kuchukua tiketi ya tozo na kulipa ni wewe uliyekaa naye mbele, nusu ya mwili nje ya dirisha, magari yakikupigia honi nyuma. Kadi ya benki iwe mkononi, isiwe chini ya mkoba wa mapochopocho.

Hilo la mpaka mlangoni ndilo ninalolikataa. Tangu Oktoba 2024, gari zito la mgeni, yaani zaidi ya tani 1.6 kwa la mafuta, huegeshwa barabarani katikati ya Paris kwa euro 18 kwa saa. La viti saba huenda likaingia humo. Liacheni kitongojini karibu na kituo cha treni, muingie mjini kwa treni.

Nina pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi Uingereza. Rafiki anasema kwenye basi hawakagui.

Rafiki huyo usisafiri naye. Kibali cha Uingereza hakikuingizi Ufaransa. Unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwamo: euro 90 kwa mtu mzima, na miadi ya kuiomba huwa adimu kiangazi kikikaribia. Maofisa wa Kifaransa wanakaa Dover kwenyewe, Folkestone na St Pancras. Ukikataliwa, unakataliwa ukiwa bado Uingereza, na nauli imekwenda.

Mama amekuja kutoka Mombasa. Kasikia treni inapita chini ya bahari, hataki hata kuisikia.

Mpe shikamoo zangu. Mwambie haoni maji wala samaki. Njia ile ina urefu wa kilomita 50, na 38 hivi ziko chini ya bahari, lakini imechimbwa ndani ya mwamba chini ya sakafu yake. Dirisha linakuwa jeusi kwa dakika ishirini hivi, kisha mashamba. Akikataa bado, msimlazimishe. Feri ya Dover ni saa moja na nusu, na mtu wa pwani akikaa juu sitahani kuangalia yale majabali meupe atakuwa nyumbani kuliko nyinyi nyote.

Naweza kubeba sambusa za harusi?

Za nyama, hapana. Tangu 2021 nyama na maziwa kutoka Uingereza haviingii Ulaya, hata vikiwa kwenye kibakuli cha mtu binafsi. Mahamri ya tui bebeni. Nyama ya halali nunueni Château Rouge, vituo viwili vya metro kutoka Gare du Nord, na mikate ya manda mkunjie huko huko.