Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Wiki iliyopita dada mmoja wa Dodoma aliniandikia. Baba yake ni mwalimu wa historia aliyestaafu, anatimiza miaka 70, na watoto wamechangishana wampeleke delta ya Rufiji kwa siku moja. Wanataka safari yao peke yao: gari lao, boti yao, hakuna kuchanganywa na watu wasiowajua. Akaniuliza mawili tu. Shilingi ngapi, na je, ile manowari ya Mjerumani, Königsberg, iliyozama huko Vita vya Kwanza vya Dunia, inaonekana?

La meli nilimjibu palepale. Haionekani. Mabaki yake yalikatwakatwa yakauzwa chuma chakavu miaka ya 1960, na kilichosalia kimelala kwenye tope chini ya mto. Ukimwona mtu anakuuzia safari ya "kwenda kuona Königsberg", shika mfuko wako. La bei nilianza kuandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikaona bora nilimwage hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna ndoto ileile niliyokuwa nayo mimi: kuacha ajira, kununua gari hata la mkono wa tatu, kutembeza wageni mkijitegemea. Basi kaeni niwasimulie nilivyofedheheka.

Ilikuwa Agosti, miaka minne iliyopita. Kampuni moja ya mjini ilinipa wageni wawili, mtu na mkewe. Mume alikuwa mgonjwa wa meli za kivita. Alikuja na ramani ya delta ya enzi za vita, ameifunika plastiki ngumu, kila mlango wa mto ameuzungushia kalamu nyekundu. Walitaka Jumamosi. Nikasema Jumamosi haina shida. Sikutazama hata mwezi uko wapi. Kumbe ulikuwa mpevu wa jana yake.

Tuliondoka Dar saa kumi alfajiri. Mbagala, Vikindu, Mkuranga, Bungu, tukakunja kushoto kuelekea Nyamisati. Barabara siisimulii, vumbi ni vumbi. Saa mbili kasoro tuko gatini, na nahodha wangu, mzee umri wa baba yangu, amekaa ukingoni mwa boti wala hana dalili ya kuondoka.

"Mjomba, maji yanatoka," akaniambia.

"Tutawahi, mzee."

"Bamvua hili, mjomba, maji makubwa ya mwezi mpevu. Halina utawahi. Ngoja mchana yakianza kurudi, tupande nayo."

Nikawatazama wageni. Nikatazama saa. Nilishaahidi kwamba saa moja jioni watakuwa hotelini wanakula. Niliogopa, jamani, na si mamba wala kiboko niliyemwogopa. Niliogopa mteja aone sijui kazi. Nikamwambia mzee washa mashine.

Kama dakika arobaini hivi, tumeingia kijito kilichopita katikati ya mikoko, boti ikasita kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, kisha ikakaa. Nahodha akainyanyua mashine, akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akaushindilia. Ukazama mpaka nusu yake bila kugonga kitu kigumu. Akauchomoa, akaulaza ndani ya boti, akajifunika kikoi usoni, akalala. Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Maji yalituacha taratibu. Kwanza mizizi ya mikoko ikajitokeza, ile iliyopinda kama miguu ya buibui. Kisha kingo za tope zikapanda kulia na kushoto mpaka tukawa kama tumekaa ndani ya mtaro. Tondo, konokono wa mikokoni, wakabaki wazi wakichomwa na jua. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakatoka mashimoni na kuanza kulipunga, wote kwa pamoja, kama wanatuaga. Harufu ya tope lile mtu akikusimulia hutamwelewa, ni ya yai na chumvi. Tulikaa pale kuanzia saa tatu hadi saa saba na robo.

Na hapa ndipo fedheha yangu inaponoga. Hadithi ya vita vya delta nilikuwa naisimulia mwaka wa tano, kwa mbwembwe, na mikono juu. Sikuwa nimeielewa hata kidogo.

Königsberg ilipofika Dar es Salaam Juni 1914, watu wa mjini waliibatiza Manowari na Bomba Tatu, kwa ajili ya mabomba yake matatu ya moshi. Vita vikaanza. Tarehe 20 Septemba iliivizia HMS Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo, ikaimaliza. Lakini yenyewe nayo ilikuwa hoi: makaa yamekwisha, mashine mbovu. Kapteni wake, Max Looff, akairudisha Rufiji akaificha ndani kwenye mikoko. Vifaa vilivyoharibika vikaburutwa kwa nguvu za watu hadi Dar kutengenezwa, vikarudishwa tena kwa miguu ileile.

Waingereza walikuwa nje baharini na meli kubwa kuliko yake. Kwa nini wasimfuate? Maji! Meli zao zilihitaji kina ambacho milango ya Rufiji haina. Novemba wakaizamisha kwa makusudi meli ya makaa, Newbridge, kwenye mlango wa Suninga ili wamfungie ndani, ilhali delta ile ina milango tele. Mwisho ilibidi zikokotwe kutoka Malta meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, zenye matumbo bapa, zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazili na mto Amazon. Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia kwa mlango wa Kikunja, Mersey ikapigwa, zikatoka. Tarehe 11 zikaingia tena, ndege iliyoruka kutoka Mafia ikiwa juu inawaonyesha makombora yanaangukia wapi. Ndege ikapigwa. Wale wawili waliokuwemo wakaendelea kutuma maelekezo huku wanashuka kuangukia mtoni, na wote wawili wakapona. Siku hiyohiyo Wajerumani wakailipua manowari yao kwa mikono yao.

Zaidi ya miezi minane jeshi la majini lililokuwa kubwa kuliko yote duniani lilikaa mlangoni mwa Rufiji likibishana na kina cha maji. Halafu mimi, na gari langu la mkono wa tatu, nikaona nitawahi.

Boti ilipoelea tena hatukuwa na muda wa kijiji wala wa chakula. Tuligeuza. Njia nzima mume hakunisemesha, ramani yake ameikunja mapajani. Nusu ya malipo iliyobaki sikuiona hadi leo. Ile kampuni haikunipigia tena, na tukikutana uwanja wa ndege wanatazama simu zao. Mteja naye aliandika mtandaoni sentensi ambayo nadhani nitazikwa nayo: "Tulilipa kutazama tope." Miaka minne imepita. Mke wangu ananikataza, lakini usiku mmojammoja huwa naifungua nikaisoma.

Sasa nihamie kwenye la kujivunia, maana nalo ni haki yangu.

Mwezi uliopita familia moja ya Dar ilinitafuta. Mzee, mabinti wawili, mkwe na mjukuu wa miaka tisa. Mzee ni muuza vitambaa Kariakoo. Safari hii kabla sijataja shilingi nilimpigia nahodha. Ndiyo, yuleyule. Alinisamehe tangu zamani, ila kunitania hajaacha. Akanipangia siku.

Mtu wa bara nikuelekeze alivyonielekeza. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na saa nne asubuhi yako chini kabisa. Saa ileile ambayo sisi watu wa Dar tunafika na vikapu vyetu! Wiki moja baadaye huja maji mafu. Hayapandi sana wala hayashuki sana, lakini yanajaa asubuhi. Ukitoka Nyamisati saa mbili na nusu yanakusukuma kuingia ndani, ukimaliza shughuli zako yanakusindikiza kutoka. Ukilazimika kwenda siku za bamvua, nenda ukalale hukohuko, usiite safari ya siku moja.

Tulipanda na maji. Mashine haikulia hata nusu ya nguvu zake. Mikoko imesimama pande zote, mkoko wenyewe mbele kwenye maji, mkandaa na mchu nyuma yake, na nahodha akamwonyesha mjukuu ipi hutoa boriti zilizokuwa zikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Mbele zaidi delta ikafunguka. Mashamba ya mpunga, na juu ya mashamba madungu, vibanda vilivyoinuliwa kwenye nguzo ndefu ambamo familia inahamia msimu mzima kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Juu ya dungu moja mama alikuwa anamsuka binti yake huku mguu mmoja unavuta kamba iliyofungwa makopo shambani. Kila baada ya dakika chache mguu unavuta, makopo yanalia, ndege wanaruka, mikono haikosei hata msuko mmoja wa nywele. Mjukuu alimtazama mama yule kuliko alivyonitazama mimi na manowari yangu.

Kwenye mkondo nahodha akazima mashine. Hakuna cha kuona pale. Maji ya rangi ya chai ya maziwa na povu linalopita. Zamani ningeanza kupiga kelele kufunika ukimya. Safari hii nilisema kidogo. Nilisema mizinga 10 ya manowari iliopolewa, ikafungiwa magurudumu, ikazungushwa nchi nzima na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na walioiburuta ni watu weusi. Kwamba mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus, mahasimu wawili ua mmoja. Kwamba Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, kikosi kikiitwa Carrier Corps, na kambi yao ya Dar ndiyo iliyozaa jina Kariakoo.

Mzee akageuka polepole.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Miaka arobaini na mbili nauza vitambaa pale," akasema. Akachota maji kwa kiganja, akanawa uso. "Hao wapagazi walizikwa wapi?"

"Wengi hawana kaburi lenye jina, mzee."

Hakuna aliyesema kitu mpaka nahodha alipowasha mashine. Kijijini tulikula wali na kamba wa nazi, mkwe akaongeza sahani mara mbili, mzee akataka kujua bei ya mpunga na nani anaununua. Saa tisa tuko gatini. Kwenye gari mzee alinilipa kabla hatujafika Mkuranga, akazidisha, na jana binti yake kanitumia wateja wengine.

Kwa hiyo vijana wenzangu, nisikilizeni. Safari binafsi si kiyoyozi wala maji ya baridi kwenye kiboksi. Kinachoifanya iwe binafsi ni kwamba saa unaipanga wewe, na Rufiji saa ya kweli ni ya maji. Kundi la watu ishirini haliwezi kusubiri maji, familia ya watu watano inaweza. Mteja akikung'ang'aniza Jumamosi yake, mwambie hapana. Utampoteza? Mpoteze. Mimi nilimkubalia wangu na nikampoteza vilevile, pamoja na jina langu.

Na acheni kuuza meli isiyokuwepo. Uzeni mto, watu wake, halafu vita vitakuja vyenyewe katikati ya mazungumzo. Chipsi za boksi kutoka Dar msizibebe, kuleni kijijini, mama apate chochote. Jaketi la kujiokolea kila mtu avae, hata anayejisifu kuogelea. Na nahodha akisema maji yanatoka, yanatoka. Nimesema? Nasema tena: uliza maji.

Jambo moja linaniuma na nitalisema hata mkinuna. Wageni wanakuja na ramani, wanajua kila mzinga ulipigwa siku gani. Sisi wenye mto hatujui hata kwamba Mohoro, hapohapo Rufiji, ndipo Kinjikitile aliponyongwa Agosti 1905, Maji Maji ikiwa ndiyo kwanza inawaka. Miaka kumi kabla ya manowari, mto uleule, watu wakaamini maji yake yatageuza risasi kuwa maji. Unampelekaje mgeni kutazama vita vya wenzake ukarukia juu ya vita vya babu yako? Nami nilifanya hivyo miaka mitano, sijitoi.

Dada wa Dodoma, tarehe uliyonitajia nimeipeleka kwa nahodha jana jioni. Amenijibu neno moja: bamvua. Msogeze mwalimu wiki moja mbele, kisha tuongee shilingi.