Kahawa, Suruali na Kesi ya Mungu

Safu yangu kuhusu kesi za ajabu za Marekani imeniletea maswali kibao. Nachukua manne.

Yule bibi aliyejimwagia kahawa akawa milionea, ni kweli?

Bibi ni kweli. Utajiri umetiwa chumvi. Ilikuwa 1992, Albuquerque, New Mexico. Bibi wa miaka 79 amekaa kiti cha abiria, gari limesimama, mjukuu kashika usukani. Kikombe kakibana magotini ili afungue kifuniko atie sukari. Kahawa ikamwagika, suruali ikainyonya yote. Mgahawa wa McDonald's, alikoinunua, walikuwa wakiitoa ikiwa na nyuzi joto 82 hadi 88 za Selsiasi. Mapaja yaliungua mpaka akapandikizwa ngozi, hospitali akalala siku nane. Aliwaomba dola 20,000, wakamwambia wana 800. Hapo ndipo alipoenda mahakamani, na mwaka 1994 juri (raia wanaoamua kesi) likasikia kwamba kampuni ilishapokea malalamiko 700 hivi ya watu kuungua. Mamilioni mnayoyasikia yalikuwa fidia ya adhabu, yaani ya kuitia kampuni adabu, na jaji aliyakata: jumla ikabaki dola 640,000, kisha pande mbili zikapatana faraghani. Mtu akinisimulia kisa hiki kwa kicheko, humuuliza kama amewahi kusikia habari ya zile dola 800.

Basi tupe ya kipuuzi kwelikweli.

Suruali. Mwaka 2005 huko Washington, jaji mmoja wa masuala ya utawala (ndiyo, jaji!) alidai dobi wamempotezea suruali ya suti. Walipomletea, akaikana. Dukani palikuwa na kibao cha kuahidi kuwa mteja ataridhika. Bwana mkubwa akaanza kupiga hesabu: kila siku ambayo hakuridhika, kwa kila mwenye duka. Dai likafika dola milioni 67. Baadaye huruma ikamwingia, akashuka hadi 54. Walishajaribu kumtuliza kwa dola 12,000 akagoma. Mwaka 2007 alishindwa, na ujaji hakuongezewa muda. Lakini duka lile nalo lilifungwa. Washindi hao.

Kwa nini wanashtakiana kirahisi hivyo?

Uingereza, kwa kawaida, ukishindwa unabeba na gharama za mwenzako. Marekani kila mtu humlipa wakili wake. Tena mawakili wa kesi za majeraha hukubali kulipwa fungu la fidia, mara nyingi theluthi. Kesi ikianguka, hawadai ada. Mimi sioni ubaya, maana asiye na kitu angempata wapi wakili? Ubaya uko upande wa pili: kujitetea kukizidi bei ya kumlipa mdai aondoke, watu hulipa hata wakiwa na haki.

Kuna mtu alimshtaki Mungu?

Ernie Chambers, seneta wa jimbo la Nebraska, 2007. Alitaka Mungu azuiwe kuleta mafuriko na vimbunga. Jaji akaitupa kesi: mshtakiwa hana anwani ya kupelekewa hati. Chambers akajibu kwamba Mjuzi wa yote taarifa anayo tayari. Alikuwa akitetea mlango wa mahakama ubaki wazi kwa kila mtu, na hapo niko naye. Zinazonikera ni kesi ambazo tajiri humfungulia mkosoaji wake huku akijua atashindwa, alimradi mwenzake amalize akiba kwa mawakili. California imeruhusu tangu 1992 kesi za namna hiyo zitupwe mapema, na aliyefungua alipe wakili wa mwenzake.