Jibu: Mtoto wa miezi 7 anaharisha, mama mkwe anasema ni meno ya plastiki

Salaam dada. Kwa hiyo mtoto ana homa, anaharisha, na bibi yake kaona vyeupe kwenye ufizi, anataka apelekwe kwa mganga huko Handeni ving'olewe. Usikubali.

Vile ni chonge za utotoni, bado zimo ndani ya ufizi. Hutoka kwenye miezi 16 hadi 20 hivi, ndiyo maana zikichokonolewa sasa huonekana laini kama plastiki. Wangu wa kwanza alichimbwa kwa spoki ya baiskeli. Kuharisha hakukukoma, na leo ana miaka 14, chonge moja ya juu haijaota.

Anza na ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini: pakiti moja, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kijiko, na ziwa aendelee. Leo hii hii nenda zahanati apimwe malaria, uulizie na vidonge vya zinki vya kuharisha. Macho yakizama au akikataa kunyonya, usingoje kuche.

Mama mkwe usibishane naye, nenda naye. Wangu alinyamaza muuguzi alipomfunulia ufizi wa mtoto mwingine, mzima kabisa, una vyeupe vilevile.