Maswali ya Wasomaji: Vipuri vya Helikopta ya Uokoaji Baharini

SWALI: Uingereza ilistaafisha helikopta zake za uokoaji aina ya Sea King mwaka 2015, lakini Norway ilizirusha hadi 2023. Mwenye helikopta kuukuu hawezi kuichinja moja, akatia spea kwenye nyingine, kama tufanyavyo kwa Land Rover?

JIBU: Anaweza, na hufanyika. Ila hesabu yake ni nyingine. Giaboksi kuu, mapanga na sehemu nyingi za kuzunguka zina ukomo wa saa za kuruka. Ukihamisha giaboksi iliyobakiza saa 90, unahamisha na zile saa 90, si giaboksi mpya. Kipuri husafiri na kadi yake: namba, saa zilizotumika, nani alikifungua, lini. Kadi ikipotea, hata kikiwa king'aavu namna gani, hakifungwi.

Halafu kazi huongezeka. Unafungua kibovu, unafungua kizima kwa helikopta jirani, unafunga, na siku kipya kikifika unarudi kumfungia jirani. Kila ufunguzi ni nafasi ya kuharibu uzi wa boliti au kukwaruza sili.

SWALI: Chumvi ya bahari huanza kula helikopta wapi?

JIBU: Kwenye injini na kwenye ganda la giaboksi. Sea King ina injini mbili za Gnome, na ikielea chini juu ya maji hufyonza vumbi la chumvi. Chumvi ikiganda kwenye vibapa vya kompresa (sehemu ya injini inayosukuma na kubana hewa), nguvu hupungua na joto hupanda. Dawa ni kuosha: injini ikishapoa, huzungushwa kwa stata bila kuwashwa huku maji safi yasiyo na madini yakinyunyizwa mdomoni, kisha huwashwa ikauke. Ganda la giaboksi ni la magnesiamu, na magnesiamu na maji ya bahari haviivi chungu kimoja. Rangi ikichubuka kidogo tu, ziba mapema.

Usisahau waya wa winchi, ule wa kuinulia watu. Uliozoeleka una nyuzi 133, yaani mafungu 19 ya nyuzi 7 kila moja. Oshea maji yasiyo na chumvi, kausha, kisha upitishe wote ndani ya kitambaa cha pamba: uzi uliokatika utanasa. Mzigo ukiachia ghafla, nyuzi za nje hutanuka zikawa kama dema. Waya huo haunyooshwi, unatupwa. Grisi usipake mpaka kitabu cha mtengenezaji kiruhusu.

SWALI: Kipuri kidogo kinaweza kuangusha helikopta nzima?

JIBU: Tarehe 12 Machi 2009, helikopta aina ya S-92 iliyobeba wafanyakazi wa visima vya mafuta ilianguka baharini karibu na Newfoundland, Kanada. Watu 17 kati ya 18 walikufa. Aina hiyohiyo ndiyo baadaye iliyochukua sehemu ya kazi ya Sea King Uingereza. Bakuli la filta ya oili ya giaboksi lilishikwa na stadi (boliti zisizo na kichwa) tatu za metali ya titani. Kila filta ilipobadilishwa, nyuzi za stadi na nati zilisagana. Nati ikaonekana imekaza kumbe mkazo haufiki. Stadi zikachoka, zikakatika, oili ikamwagika. Baada ya ajali, stadi za titani ziliondolewa zikawekwa za chuma.