Usizime ulinzi wa kerneli, fanya hivi

Wadau, juzi kuna dogo kanitumia meseji: "kaka, ile biti ya WP kwenye CR0 nizimeje ili moduli yangu iandike kwenye jedwali la syscall?" (CR0 ni rejista ya prosesa, WP ni biti yake ya "write protect"; jedwali la syscall ndo orodha ya fankisheni ambazo programu zinaziita zikitaka huduma ya kerneli; moduli ni kodi unayoipakia ndani ya kerneli.) Nimeshamjibu, ila naona wengi mnaoanza kuchezea kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, mnapita humo humo, so nalileta hapa.

Usiizime. Hiyo biti ndo inafanya prosesa iikatalie hata kerneli yenyewe kuandika kwenye peji (vipande vya memori) za kusoma tu, ukiizima umeachia zote sio jedwali lako peke yake, na watu wa rootkit (programu haribifu zinazojificha ndani ya mfumo) ndo mchezo wao miaka yote. Ndo maana tangu Linux 5.3 ya 2019, fankisheni ya kerneli inayoandika CR0 ikikuta umeitoa inairudisha.

Kazini kwangu kwa zamani nilibishana sana na bosi kuhusu mambo haya. Draiva yetu ilikuwa na pointa kibao za fankisheni (anwani za fankisheni za kuitwa), nikasema ziwe const, yaani za kusoma tu, na zile zinazojazwa wakati wa kuwasha nikaziwekea __ro_after_init, kitu alichokiingiza Kees Cook, mtu wa usalama wa kerneli, kwenye kerneli 4.6 mwaka 2016: unaandika wakati wa init (kuwasha), init ikiisha peji inafungwa. Nikaambiwa napoteza muda, najifanya mjuaji, tena mbele ya watu. Iliniuma na bado inaniuma. Baadaye mashine ikaanguka, kufungua dmesg (ujumbe wa kerneli) tunakuta error_code(0x0003), yaani peji ipo, ila kodi ya ndani ya kerneli imejaribu kuandika pasiporuhusiwa, na jina la fankisheni liko hapo hapo chini. Kumbe kuna mwenzetu aliongeza array, indeksi inaenda hasi, inaandika nyuma kwenye pointa zangu. Bila ulinzi ule zingeharibika kimya kimya, na hiyo bagi tungeisaka mpaka tuchoke. Asante sijapewa mpaka leo.

Kwa hiyo vijana wangu, const kwanza popote inapowezekana, __ro_after_init kwa kinachojazwa mara moja, na CONFIG_STRICT_KERNEL_RWX (chaguo la wakati wa kujenga kerneli) iwe imewashwa maana bila hiyo kerneli haizifungi hizo peji. Jamani msiwe wavivu kwenye hili, kuna watu wanategemea mashine mnazoziandikia kodi. Na wewe dogo, kama shida yako ni kufuatilia syscall tu, kprobe au tracepoint, njia za kerneli yenyewe za kuchungulia, zinatosha kabisa, nitumie hiyo moduli tuigeuze pamoja.